Joto la Beseni

Jinja, Jumanne usiku

Nyama imeshaoza kwenye mshono wa Wafula, yule dereva wa Mbale. Kabla ya kumkata mguu niliupapasa kwa mgongo wa kiganja, nione damu inafika wapi. Tangu madaktari Wahindi wafukuzwe nchini, mashine zimelala bila mtu wa kuziendesha; sina kipimo kingine. Chini ya goti palikuwa na joto. Nikakata hapo.

Leo nimemkuta mkewe na beseni, anamkanda paja.

"Mama, ulianza lini?"

"Zamani, daktari. Kila asubuhi nilimkanda mguu kwa maji ya moto kabla hujapita, upone, usiukate."

Kumbe nilipima maji yake!

Kesho nakata juu ya goti. Nimemwomba asikande tena. Jioni nimelipapasa paja.

Baridi.