Wifi, Kigari Kilipanda Jiwe

Mpendwa wifi yangu,

Watu wakimwandikia marehemu huanza kwa machozi. Nimejaribu, nimeshindwa. Kila nikishika kalamu nakuona umechuchumaa nyuma ya banda la kuku, kanga imekulegea, unakipigia kelele kigari cha rimoti kana kwamba kina masikio. Basi nisamehe, nitakuandikia huku nacheka.

Unakumbuka nilivyoingia kwenu Matogoro? Bibi harusi kutoka Namtumbo, binti wa fundi baiskeli, na wewe ulikuwa umeshamchagulia kaka yako rafiki yako wa kwaya. Hukunitukana. Ungenitukana ningepumzika. Ulikataa tu kula chakula changu. Nikipakua, umeshiba, nikikuletea maji, kiu imekwisha. Mchana kutwa ulishona nguo za watu pale barazani na njaa yako, jioni unakwenda kula kwa jirani. Mtaa mzima ulijua kwamba wifi yangu hali kwangu. Nami kila siku nilifunika sahani yako, nikisubiri.

Ilikuwa miaka ile maduka ya mjini yalipoanza kujaa tena baada ya ile dhiki ya sabuni na sukari. Ruksa ya kuingiza bidhaa za nje ilikuwa imefika hadi kwetu, na mitumba ilishuka Songea pamoja na vitu ambavyo hakuna aliyeviagiza. Kaka yako akarudi na kigari cha kuchezea cha kuongozwa kwa rimoti, magurudumu mapana yenye meno, kimetengenezwa kupanda mawe. Huko kilikotoka nani alikuwa na shida ya kupandisha kigari kwenye mawe, sijui mpaka leo. Springi zake zilikuwa zimekufa, na kile chuma kinachogeuza magurudumu ya mbele, mafundi wanakiita tairodi, kilikuwa kimekatika. Nilichanganyikiwa kwa furaha! Mimi nimekulia kati ya minyororo na spoku, na tangu niolewe sikuwa nimeshika spana.

Ukaniona nimekikumbatia. Ukatoa pini mdomoni, ukasema mbele ya wateja wako, "Siku hicho kidude kitakapopanda lile jiwe la nyuma ya banda la kuku, ndiyo siku nitakayokula ugali wako."

Wateja wakacheka. Mimi nikakimbilia kwa yule mwuza mitumba aliyemwuzia kaka yako kigari.

Alikuwa na mfuko wa vipuri vya vigari vingine, vikubwa kuliko changu: springi ngumu, springi laini, tairodi za chuma, na vifundo vinavyoshika magurudumu ya mbele. Nikabeba vyote. Nikafunga zile springi ngumu, kwa imani kwamba kigumu ndicho imara. Nikafunga vifundo na tairodi mpya, nikakiweka uwanjani, nikabonyeza kushoto. Kikaenda kulia. Nikabonyeza tena kwa hofu, kikazidi kwenda kulia, kikadundadunda hadi barazani, kikaingia chini ya kiti cha baba mkwe, aliyekuwa akisikiliza redio yake.

Wifi, nilikwisha! Mkamwana gani angeingiza mkono chini ya kiti cha baba mkwe? Hata shikamoo nilimpa kwa mbali, magoti chini, macho chini. Nikapiga magoti palepale uwanjani, na kigari kimekwama kinanguruma, kinagonga miguu ya kiti. Baba akainua miguu yake yote miwili, akautazama mlima wa Matogoro ili asinitazame mimi, akasema, "Mwambieni mwenye mdudu wake aje amwondoe."

Tulikuwa watatu tu nyumbani. Wa kuambiwa ni mimi, wa kuniambia ni wewe, na mimi siwezi kwenda.

Ukaacha cherehani. Ukainama, ukakitoa. Nilijua unakwenda kukitupa shimoni. Badala yake ukakigeuza chali, ukakitazama, ukakunja uso.

"We, umeshonea mkono wa kushoto upande wa kulia."

"Wapi, wifi?"

"Hapa. Hivi vifundo vinatazama mbele, vinatakiwa kutazama nyuma. Ndiyo maana kinakwenda kinyume." Ukabonyeza springi kwa dole gumba. "Na hizi ni za kubebea magunia ya mahindi. Mbona kigari chenyewe hakina mzigo?"

Hukuwahi kufungua gari maishani mwako, lakini kitu kilichofungwa vibaya kilikuwasha mwili mzima. Ulileta bisibisi ya cherehani, ukakaa chini kwenye mkeka wangu, tukabadilisha vifundo. Tukaweka zile springi laini nilizozidharau. Ukapandisha gurudumu moja juu ya kopo, na yale mengine matatu yakabaki yameshika ardhi vilevile.

"Ona kinavyoinua goti!" ukasema, na tukashangilia wote wawili. Kisha ukakumbuka mimi ni nani, ukarudi kwenye cherehani. Lakini wiki nzima ulipita kwangu kutafuta pini ambazo hazikuwa zimepotea.

Jumapili baada ya misa tukakipeleka kwenye jiwe. Betri nilikuwa nimezianika juani tangu jana yake. Baba mkwe alisogeza kiti chake, akakaa kiubavu, anatazama bila kutazama. Kigari kikaanguka mara ya kwanza, kikaanguka tena. Mara ya tatu kikafika kwenye ufa wa juu, kikasimama kinayumba, na vidole vyangu vikagoma. Ukaninyang'anya rimoti.

Ungekirudisha nyuma kidogo tu, na neno lako lingebaki limesimama. Wifi, wewe ulikata kulia, ukakipa moto taratibu, gurudumu la nyuma likaning'inia, springi ikajinyoosha ikalifikisha kwenye jiwe, na kikapanda! Aliyepiga vigelegele ni wewe. Hata baba alipiga kofi moja, akajifanya anaua mbu.

Kisha ukakumbuka ulichosema. Ukaingia ndani, ukanawa mikono bila kuniangalia. Ukamega tonge, ukachovya kwenye dagaa, ukatafuna polepole.

"Una madonge," ukasema. Ukamega tena, na tena, mpaka sahani ikaisha, na mimi nikaenda kulia nyuma ya nyumba kwa furaha.

Tangu siku ile ulikula kwangu, na kila siku ulikuwa na neno: chumvi, moto, maji. Wanangu walikua wakidhani ndiyo sala ya chakula. Tulipokuzika, jirani mmoja alinishika mkono akanitania, "Pole, mama, lakini sasa na wewe utapumzika na maneno ya wifi." Nilimjibu vibaya, na sijamwomba radhi. Nipumzike na nini? Nilikupenda, wewe mwanamke mkorofi, na sikukuambia kwa sababu ungenicheka mpaka Krismasi.

Jana nilisonga ugali. Tulikula wawili, mimi na kaka yako. Ulikuwa na madonge. Kaka yako alimaliza sahani yake yote, akasema ahsante.

Lala, mama. Kwangu milango haifungwi.

Mimi, mke wa kaka yako