Niliyoyasema Redioni

Nyumbani, ghorofa ya pili
Jumapili, 14 Juni

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Na shemeji je, bado hawaelewani na yule jirani mwenye majogoo? Barua yako niliipata wiki tatu zilizopita, na aibu ya kuchelewa kujibu ninayo tayari, usiniongezee. Huku sote tu wazima. Mume wangu anatengeneza mafriji ya watu, letu limekufa tangu Aprili. Mimi mwili ni mzima, ila nimechoka, Dada, ule uchovu ambao unalala nao na unaamka nao.

Umeniuliza kuhusu kitindamimba wako, kwamba anadanganya na simu haimtoki mkononi. Umeandika, “Wewe ndiye mtaalamu, nipe dawa.” Nilicheka kidogo, kisha kicheko kikaniishia. Utaona sababu. Lakini nikujibu kwanza.

Kuhusu uongo, acha kumuuliza jambo ambalo jibu lake unalijua. Ukimwona ana sukari mdomoni, ukamuuliza kama amekula sukari, hapo hujauliza, umetega. Akinasa unamlaumu yeye. Mwambie tu, “Naona umekula sukari. Haya, pangusa meza.” Mtoto akijua kwamba ukweli hautamchoma sana, anachoka mwenyewe kuuzunguka.

Kuhusu simu, usimnyang’anye. Wekeni kikapu karibu na mlango, simu zote zikae humo wakati wa kula, na ya kwanza kuingia iwe yako. Nakujua. Utasema yako ni ya kazi. Naye atasema yake ni ya shule.

Na akikuudhi, usitoe adhabu ukiwa bado unatetemeka. Nenda ukafue kitu kwanza. Haya yote nimeyasema mara nyingi mno, siku hizi ulimi unayatamka wenyewe huku mimi nikifikiria mboga.

Unajua kipindi changu cha redio cha kila Jumamosi asubuhi kimetimiza miaka tisa. Hapa mtaani nimepoteza jina, ni Bi Malezi tu. Nikienda kununua vitunguu, muuzaji ananishika mkono aniulize mwanawe atajua kusoma lini. Mwezi uliopita daktari wa meno alinisimulia habari za kijana wake mvivu nikiwa nimepanua kinywa, koleo limo ndani, halafu akaniuliza, “Sasa wewe unanishauri nini?” Cheka, ruksa. Mimi nilitokwa na machozi, na hayakuwa ya jino.

Sasa nikueleze lililonichelewesha. Ni kuhusu binti yangu, huyo huyo mmoja niliye naye.

Mwanzoni mwa Aprili alianguka kwenye ngazi za shule akavunjika mkono wa kulia. Ukafungwa plasta toka kiganjani mpaka juu ya kiwiko. Msichana wa miaka kumi na mitano aliyekuwa hataki hata nimfunge kifungo, ikabidi nimvalishe na kumwosha kama mtoto mchanga. Na humo bafuni alianza kuzungumza, tena bila kuulizwa. Siku moja nikimwosha nywele, macho ameyafumba kwa sababu ya sabuni, akaniambia siri yake.

Yenyewe sitaiandika hapa. Si wizi wala mimba, usianze kuhesabu miezi. Ni jambo lake tu, nami nilipewa nilitunze.

Wiki mbili baadaye mama mmoja alipiga simu kwenye kipindi akilia, mwanawe ana jambo kama hilo hilo. Nilimhurumia. Nikamwambia namjua mzazi mmoja ambaye mwanawe naye yalimpata, na sasa anaendelea vizuri. Nikafanya kama tunavyofanya sisi wa kazi hii: nikampunguzia mtoto umri, nikampa kaka wawili, nikamhamishia shambani. Nikaona nimemficha vya kutosha. Halafu nikaeleza jinsi alivyomwambia mama yake siku anaoshwa nywele, kwa kuwa mkono wake ulikuwa kwenye plasta.

Hilo ningeliacha, hakuna ambaye angepungukiwa kitu. Lakini nililipenda, Dada, huo ndio ukweli. Lilifanya masimulizi yakae vizuri masikioni. Nilimwona fundi mitambo nyuma ya kioo ameacha kutafuna, nikajua nimewashika, nikafurahi.

Shule nzima ilikuwa na msichana mmoja tu mwenye plasta, na kila mtu anajua mama yake ni nani.

Jumatatu alirudi nyumbani saa nne asubuhi. Hakulia mbele yangu. Aliniuliza, “Mama, wakati unasema, ulijua unanisema mimi?” Nikamweleza kwamba nilibadilisha mambo mengi. Akasema, “Sijakuuliza hivyo.”

Tangu siku hiyo ana adabu, sina neno jingine. Ananiamkia, anaosha vyombo kabla sijasema, ananijibu “ndiyo, Mama” na “hapana, Mama” kama vile mimi ni mkaguzi nimekuja kutazama usafi. Wazazi wangapi wamenipigia simu wakiomba niwafundishe kupata mtoto wa namna hiyo! Mimi namtamani yule aliyekuwa akibamiza mlango.

Na baba yake wanaongea. Namsikia kule chini kwenye karakana anamshikia tochi, wanacheka juu ya sijui nini. Nikishuka na chai, wanapokea chai. Inaniuma, na naona aibu kuumia, maana kosa ni langu.

Pale redioni habari zilifika. Mkuu wa vipindi akanishauri niombe radhi hewani, akasema wasikilizaji watanipenda zaidi. Na mimi, Mungu anisamehe, nilikaa mezani nikaanza kupanga maneno. Binti akapita, akaisoma karatasi akiwa amesimama. Akasema, “Hao hujawakosea, Mama. Uliyemkosea niko hapa.”

Nikaweka kalamu chini. Nikafungua kinywa, na unajua nilisema nini? Nilisema, “Unajua, watoto wa rika lako huwa...” Hakungoja nimalize. Alitoka akaniacha na karatasi yangu. Miaka tisa nalishwa na maneno, na sikuwa na hata moja la kumpa yeye peke yake.

Siku ya tatu nilimfuata akianika nguo kwa mkono mmoja. Nikamwambia nimemkosea. Nikamwambia alinipa kitu chake nikakichukua nikajipamba nacho mbele za watu. Nikaishia hapo. Kunyamaza pale, Dada, kulinitesa kuliko uchungu wa kumzaa, na wewe ulikuwepo, unajua nilivyopiga kelele.

Alimaliza kubana soksi zote. Akasema, “Nimekusamehe, Mama. Lakini nataka kwenda kukaa kwa mama mkubwa.”

Nilidhani hasira ndiyo inayosema, nikangoja ipite. Haikupita, kwa sababu haikuwa hasira. Ameshamwomba baba yake, ameshauliza kuhusu uhamisho shuleni, hata nauli ya basi anaijua. Mzazi mwingine angenipigia simu na habari hii, ningemweleza kwa sauti ya upole kwamba kusamehewa si kurudishiwa. Kinyozi hajinyoi.

Kipindi nimekiacha. Wao wanasema napumzika, na matangazo yanasema nitarudi. Jumamosi mbili sasa nimekaa jikoni na redio nimeizima, na sijui mikono niiweke wapi.

Basi nakuomba umpokee. Muhula unaisha mwisho wa Julai, atakuja na basi la asubuhi, baba yake atamsindikiza. Plasta imeshatolewa, mkono umepona ila bado mwembamba. Nilikuwa nimekuandikia ukurasa mzima wa namna ya kuishi naye, anavyopenda kuamshwa, anavyokuwa akihuzunika, usimuulize nini na wakati gani. Nimeuchana. Atakwambia mwenyewe, au utamwona.

Usimkaripie kwa ajili yangu, wala usinitetee. Usimwambie “mama yako anakupenda.” Analijua hilo, na kwa sasa halimsaidii.

Nisalimie shemeji, mwambie majogoo hawana adabu lakini jirani ni jirani. Msalimie kitindamimba, na umwambie kikapu cha simu ni wazo la mama yake mdogo, anilaumu mimi. Mkwe wako mzee mpe pole ya macho. Mume wangu anawasalimu nyote. Binti ameandika salamu zake mwenyewe kwenye bahasha yake, nimeiambatanisha hapa bila kuifungua, na naomba uamini hivyo. Mungu aitunze nyumba yako, na mlango wako usikose wa kuubisha kwa heri.

Limebaki moja. Anakuja kwa sharti, nami nimelikubali mbele ya baba yake: atakachokwambia wewe, kiishie kwako. Sasa sikiliza, maana naandika haya nikiwa na akili zangu. Nitakupigia simu. Nitaanza na habari za mvua, nitapita kwa shemeji, halafu nitauliza binti anasemaje. Ukisita, nitakukumbusha kwamba mimi ndiye mama yake. Nitasema ni neno moja tu, ili nilale. Nitalia, na kilio chenyewe kitakuwa cha kweli. Usiniambie, Dada. Hata likiwa jema, usiniambie.

Nikupendaye siku zote,
Mdogo wako