Bomba Nyembamba Niliyokuchagulia

Amisi, mutoto wangu wa kwanza,

Naandika na bic ya mutoto wako, mu daftari yake ya shule. Mwandiko ni ule ule unaoujua, herufi zinakanyagana. Nilisoma mpaka mwaka wa ine tu, lakini barua za nusu ya Lusangi ni mimi naziandikaka, wewe shahidi. Imamu anasema mufu anaombewa, haandikiwi. Nimekuombea. Sasa naandika.

Nianze na kusifu, maana hiyo hawawezi kuninyang'anya. Hakuna mama hapa aliyezaa mwindaji kama wewe. Mboloko, yule paa mudogo wa porini, ulimupiga akikimbia. Kanga ulimushusha bila kuharibu nyama. Na ulikuwa unamufikia nyama angali na pumzi, unasema bismilahi, unachinja, tunakula bila wasiwasi. Wengine wanaleta mizoga na maneno mengi.

Watu wanasema Mama Amisi amemula mutoto wake. Wanasema kwa sauti, nipite nisikie. Wanamaanisha uchawi. Uchawi sina, hata mulango wake siujui. Lakini kwako sidanganyi: hawakukosea sana. Nilikula mapaja kumi na moja. Niliyahesabu juzi nikichambua mchele, moja moja, na kila moja nikakumbuka pilipili niliyotia.

Unajua desturi yetu. Mwenye bunduki si yule anayeibeba, ni yule aliyeinunua, na kila nyama ikianguka, paja la nyuma ni lake. Bunduki ikiwa ya watu wawili, paja linatembea: leo kwako, kesho kwa mwenzako. Desturi ndogo tu. Ndiyo iliyokuua. Hapana. Iliyokuua ni mimi na desturi yangu mukononi.

Siku ile kwa fundi wa bunduki Kalonda tulikuwa watatu, mimi, wewe na baba yako mudogo Ramazani. Fundi akaweka bomba mbili za bunduki juu ya gunia. Akazigonga na nyundo. Ile nyembamba ikalia kama kengele ya baiskeli. Ile nene ikasema du, ikanyamaza. Nikapenda ile ya kulia. Ona akili ya mama yako.

Fundi hakuficha kitu. Alisema, "Mama Amisi, hii nyembamba itapiga mwaka, pengine miwili kama mutu anaiheshimu. Kisha itachoka, na chuma kikichoka hakipigi hodi. Hii nene utawaachia wajukuu." Nyembamba ilikuwa mbuzi mbili. Nene ilikuwa mbuzi ine. Mimi nilikuwa na mbili. Ramazani akasema palepale, "Shemeji, ongeza na mbili zangu, mutoto ashike kitu cha nguvu."

Alikuwa anatoa kwa roho nyeupe, na mimi nikaona paja likitoka kwangu likienda kwa muke wake. Yule mwanamuke ambaye siku ya ndoa yako alisema mchuzi wangu una maji! Nikajibu, "Bunduki ya mama wawili umeiona wapi? Amisi nilimuzaa peke yangu."

Ulitia kidole mu ile bomba nene. Ulikitoa kina mafuta, ukakipangusa kwa suruali. Ulisema, "Mama, hii nyingine ingefaa zaidi." Mara moja tu, polepole. Nikakucheka mbele ya fundi: "Mwanaume anaogopa bomba? Basi nikununulie mwiko upike!" Fundi akacheka. Ramazani hakucheka. Na wewe, mutoto mwenye adabu kuliko mama yake, ukasema, "Hii inatosha, Mama."

Nilipata nilichotaka. Mwaka mzima sufuria yangu ilinuka mpaka barabarani. Nilimupelekea muke wa Ramazani supu bila nyama, asikie harufu tu. Nilicheka peke yangu kama kichaa. Ulijua, ukaniambia, "Mama, dhambi," na wewe pia ukacheka.

Mwisho ilikuwa nguruwe. Hata kulungu haikuwa. Aliingia mu mpunga wangu baada ya mvua, ukaenda kumutoa. Nguruwe, Amisi! Nyama ambaye paja lake tungewapa majirani Wakristo, maana kwetu haliingii ndani. Bomba ikapasuka mashavuni kwako. Ramazani alikukumbatia juu ya pikipiki kwenda hospitali, wewe katikati, dereva mbele, barabara ya Kabambare na matope yake yale. Alikuwa na kanzu nyeupe. Ulikata roho kabla ya daraja la pili. Alirudi nayo hivyohivyo na damu yako, hakuibadilisha, akanifunulia uso wako yeye mwenyewe ili nisiambiwe na mutu mwingine.

Kwa matanga na arobaini yako tulichinja mbuzi tano. Sikujua nina ndugu wengi wenye mbuzi namna hiyo. Siku ya fundi sikuwaona, kwa kuwa sikuwaita. Watu wakakaa uwanjani, wakala wakashiba, wengine wakaomba chumvi. Nilikuwa nawaangalia wakitafuna nikisema mu roho: wanakula bomba nene, na bado inabaki mbuzi moja juu.

Sasa sikia habari. Mudogo wako Saidi ameacha pikipiki yake Kasongo, amerudi. Mpunga unaliwa na nguruwe, na watoto wako wanataka kula. Mbao ya bunduki yako haikuvunjika, na fundi anasema inaweza kubeba bomba nyingine. Ramazani akaja, akakaa kwa kiti chako, akasema, "Shemeji, zile mbuzi zangu bado ziko. Moja imezaa." Hakunisema vibaya, unamujua. Lakini nilitamani anipige kofi kuliko kusikia kwamba imezaa.

Na unajua nilifanya nini? Usiniangalie hivyo. Nilimuambia angoje. Nikapanda baiskeli nyuma ya Saidi mpaka Kasongo, siku mbili, mgongo ukakatika, nikauza mu soko vitenge vyangu vyote vya Idi, hata kile cha bluu ulichoniletea. Nilipata bei ya bomba nene nzima, mimi peke yangu. Nilirudi nimenyoosha shingo. Nikawaambia nyumba nzima: safari hii nene, na hakuna atakayechangia.

Muke wako Zaina alikuwa anatwanga. Tangu arobaini alikuwa hajaniambia maneno matatu. Akasimamisha mchi, akasema, "Mama, unanunua bunduki ama unanunua paja?"

Nilimutukana. Nilimuita mwanamuke wa bahati mbaya, nikamuambia alikuja mu nyumba hii na mukosi. Akaendelea kutwanga. Nikaingia ndani, nikakaa na pesa mu magoti, na mate yalikuwa yananijaa kinywani, Amisi. Kwa ajili ya nyama. Miezi minne umeoza, mimi mate yananijaa.

Asubuhi tulienda kwa fundi, Saidi, Ramazani na mimi. Bomba nene nililipa yote na sikuomba kupunguziwa. Fundi alipomaliza kuifunga, akauliza kama wanavyouliza mafundi mbele ya mashahidi: "Mwenye bunduki ni nani?" Ramazani akaniangalia. Nikasema, "Ramazani." Jina lilitoka kama jino. Alitaka kukataa, nikamuambia, "Shemeji, ukikataa nitaitupa mu mto na Saidi atafukuza nguruwe kwa mawe." Akaipokea. Muke wake sasa ananiamkia kwa sauti tamu inayoniumiza tumbo. Nitaizoea.

Imebaki moja tu, sijamuambia mutu. Siku yako, niliusikia mulio. Ulifika mpaka jikoni, mukubwa kuliko siku zote. Mama mwingine angeshtuka. Mimi nilifurahi, nikasema leo ni kubwa, nikabandika maji, nikanoa kisu. Wewe umelala mu mpunga, mimi naonja makali kwa kidole. Maji yalikuwa yanachemka walipokuja kunipigia kelele. Mulango nilifungua na kisu mukononi, nikacheka, nikauliza ni nyama gani.

Lala, mwindaji wangu. Sikuombi msamaha, utanipa haraka, na mimi sitaki haraka. Lakini nakuahidi: Saidi akiwa porini na bunduki ikalia, mama yako hatagusa sufuria wala kisu. Nitasimama uwanjani, jua ama mvua, waniite mchawi wakipenda, mpaka nisikie sauti yake akiita.

Mama yako.