Mlimau Uliopukutika

Riyadh, Jumapili

Ni mimi niliyejaza kwenye oda kwamba milimau ya kutoka Jeddah iletwe Ijumaa, siku ya mapumziko huku, kana kwamba niko Nakuru. Ijumaa geti la maonyesho ya bustani tunakofanya kazi lilikuwa limefungwa, na lori likakaa juani hadi jioni. Mlimau mmoja ukapukutisha majani yote.

Bustani tunayoiandaa hapo ni ya shirika la hisani linalosaidia vijana waliolemewa na mawazo. Leo bosi alikuja kuikagua, nami nilikuwa nimeshaanza kuiaga ikama yangu, kibali cha kuishi huku.

"Huu umekufa," alisema. "Halas, basi, utupeni."

"Ngoja kidogo, baba," akasema Mutiso, mtunza bustani tunayekaa naye chumba kimoja. Akakwaruza gome kwa ukucha. Ndani palikuwa pabichi, kijani, na unyevu uking'aa. Mti niliokuwa nimeuzika moyoni kwa siku mbili!

Bosi aliinama, akatazama. Kisha akaagiza uwekwe mlangoni, bila majani vile vile, vijana wauone kwanza.

Bosi alipoondoka, nikamwambia Mutiso jambo ambalo sijamwambia hata mama: kwamba tangu nifike silali, na kwamba asubuhi nyingine naogopa kuamka.

"Najua, ndugu yangu. Kitanda chako kinalia usiku kucha, ungedhani kina wachawi. Nilikuwa nangoja useme. Haya, shika huo mpira wa maji."

Tukamwagilia, nikimweleza yote.