Aomba Maji

Malindi, Jumatano

Kaka Abdulhadi,

Shikamoo. Sisi tu wazima, ila goti la mama bado lamsumbua, na mvua imetoboa paa la jikoni.

Wajua kwamba shirika letu huwatetea wakimbizi nami huwatafsiria. Wiki iliyopita tulimsimamia mahakamani bibi mmoja Mbajuni kutoka Kismayu, aliyekamatwa Gede hana karatasi. Wakili wetu, mtu wa bara asiyejua Kibajuni, alisema akipatikana jamaa wa kumpokea huenda akaachiliwa.

Bibi aliponitazama akanishika mkono. "We si mwana wa Zuleikha wa Chula? Mamako ni binamu yangu. Waambie."

"Asemaje?" wakili akauliza.

Askari alikuwa karibu. Nikakumbuka kuwa tulipochukua vitambulisho tuliandikisha kwamba mama alizaliwa Matsangoni, hapa Kenya, wala si Chula kule Somalia.

"Aomba maji," nikajibu.

Kaka, bibi alinielewa. Akaletewa maji, akauachia mkono wangu, akayanywa yote. Jana wamemrudisha mpakani.

Mama sijamwambia. Ukipiga simu, nawe usimwambie.

Nduguyo,
Swabra