Rili Mbili za Mjomba

Nyumbani,
Chumba cha mbele, penye cherehani.
Jumapili mchana, mwezi wa tisa.

Mpendwa mdogo wangu Mkia,

Najua sasa una ndevu na watoto, lakini jina hilo alikupa Mjomba kwa kumfuata kila aendako, na sioni wa kulibadilisha tena. Hujambo huko? Wifi hajambo? Watoto wanalala vizuri, baridi haiwasumbui? Kile kifua chako bado kinakubana, au umepata dawa? Usinijibu "wazima tu" kama kawaida yako. Mimi mwili hauna neno. Nakula, nashona, naamka. Nyumba ndiyo imekuwa kubwa.

Siku ulipopiga simu baada ya mazishi uliniuliza mwisho wake ulikuwaje. Simu nikampa jirani. Kisha ukatuma ujumbe kwamba hutaki kitu chochote cha Mjomba ila rili yake, kile kigurudumu cha kukunjia mshipi alichokuwa akikifunga kwenye fimbo ya kuvulia. Nimekawia kukujibu, na si kwa kukunyima. Rili ziko mbili, na wewe unaijua moja tu. Acha nikusimulie, halafu uchague mwenyewe.

Unayoijua ni ile ya duara, ya chuma, nzito kama kopo la maziwa ambalo halijafunguliwa. Haina breki ya maana. Breki ni kidole gumba. Unakumbuka alivyotufundisha: unarusha, gumba linaugusa mshipi taratibu unapotoka, na chambo kikikaribia maji unabana. Ukichelewa, gurudumu linazidi kukimbia na mshipi unajisokota humo ndani kama nywele za mtu aliyetoka kuamka.

Mkono ulianza kumtetemeka mwaka uliofuata kuondoka kwako. Mwanzoni aliuficha mfukoni, anasema ni baridi. Kisha siku moja pale kwenye kibanda chake cha kinyozi alimkata sikio yule mwalimu mstaafu, jirani yetu. Mwalimu akasema, "Hata sikusikia," huku damu inamchuruzika hadi kwenye kola. Mjomba alimalizia upande wa pili kwa mkasi, akampangusa, akamsindikiza mpaka mlangoni. Jioni alirudi na viwembe vyote vimefungwa kwenye taulo, akaniambia nimtafutie mtu wa kununua viti.

Likabaki bwawa. Kila Jumapili alikwenda, nikidhani anastarehe. Siku moja nikampelekea chai, nikamkuta amekaa juu ya jiwe, rili mapajani, mshipi umemzagaa magoti yote, anaufumua. Chambo kilikuwa kikavu. Tangu asubuhi hakikugusa maji. Akainua uso, akatabasamu.

"Leo nimewapa samaki likizo," akasema.

Nikacheka kwa sababu alitaka nicheke. Nikakaa, tukafumua pamoja kama ninavyofumua uzi uliokwama kwenye cherehani, mpaka tukamaliza. Chai ilipoa.

Ndipo nikampeleka kwa yule muuza vifaa vya kuvulia, tunayemwita Kasuku kwa maneno yake mengi. Akaweka mbili juu ya meza: moja ya duara, mpya, ndugu ya ile yake, na nyingine ya bapa. Ya bapa imelala chini kabisa juu ya fimbo, inaingia yote kiganjani kama kipande cha sabuni, na nyepesi mno. Ndani ina sumaku zinazolipunguzia gurudumu mbio hata gumba likichelewa, na ubavuni kuna kitufe cha kuzikaza au kuzilegeza. Kasuku akasema ya duara inabeba mshipi mwingi na mnene, ni ya samaki wakubwa. Ya bapa haibebi mwingi, lakini haichoshi kiwiko, na kishikio cha kuzungushia kiko kushoto, kwenye mkono uliokuwa na nafuu, kwa hiyo asingelazimika kuhamisha fimbo kila akirusha.

Mjomba hakuigusa. "Nimekuwa breki yangu mwenyewe maisha yote," akasema. "Hiyo ni ya watu wanaovua huku wanaongea na simu."

"Ijaribu tu, Mjomba," nikamwambia.

Tukatoka uani, nyuma ya duka. Akaanza na ya duara, akairusha risasi, kile kipande cha kuzamishia chambo, kuelekea kwenye ndoo. Mshipi ukajisokota. Akaufumua, akarudia, ukajisokota tena. Wateja walikuwa wamesimama mlangoni kutazama. Mmoja akaanza kuangalia viatu vyake. Hata Kasuku alinyamaza, na hilo si jambo dogo. Ya bapa Mjomba hakutaka kuijaribu mbele ya watu. Akanikabidhi zote mbili, akasema kwa sauti ya chini, "Chagua wewe, mama. Mikono yangu haina kura tena."

Nikachagua ya bapa. Mkia, hata jeneza lake kulichagua hakukunielemea vile. Nilijua nikichukua ya duara ninamrudisha kwenye lile jiwe na mshipi magotini. Nikichukua ya bapa, ninamwambia mbele ya watu kwamba gumba lake limekwisha.

Alininunia. Rili ikakaa kwenye boksi lake juu ya kabati, karibu na redio, na kila akiwasha redio anaikwepa kama mtu aliyegombana na jirani. Mwisho Kasuku mwenyewe akaja nyumbani, eti kuangalia kama haina kasoro. Uongo mtupu. Alikaa akipiga porojo mpaka Mjomba akaifunga kwenye fimbo ili tu yule mtu aondoke.

Jumapili iliyofuata tulikwenda bwawani wote wawili. Nilimkazia sumaku mpaka mwisho. Akarusha. Haikufika mbali, lakini mshipi ulitoka msafi na chambo kikatumbukia majini, chubwi. Hakuangalia maji. Aliniangalia mimi.

"Umesikia?"

"Nimesikia, Mjomba."

Tulipata kasamaki kamoja, tukakarudisha. Tulipokuwa tunarudi nyumbani, nimembebea fimbo, akaniambia, "Inavua vizuri. Ila mimi simo ndani yake."

Hata hivyo hakuiacha. Kila tukienda analegeza sumaku kidogo, kama anayebishana nayo. Ikimsokotea mshipi anaitukana, anaikaza tena. Miguu ilipokataa, akawa anakaa uani kwenye kiti, anarushia risasi kwenye beseni langu la kufulia, nami naanika nguo huku naikwepa. Siku akilenga beseni, mtaa mzima unajua. Hilo ndilo nililotaka kukuambia kwenye simu nikashindwa. Alikuwa akicheka, Mkia. Mwili unamwacha kipande kwa kipande, naye anacheka.

Baadaye chakula kikawa kinampalia. Kifua kikajaa, tukampeleka hospitali. Alikuwa akikuulizia. Nilimwambia umekwama kwenye karatasi za safari, akasema, "Mwache, asije kupoteza kazi kwa ajili ya mgonjwa." Usijilaumu kwa hilo, alilisema kwa upole.

Asubuhi ile ya mwisho nilifika wodini na uji nikamkuta amelala chali, macho nusu wazi, mikono juu ya shuka. Imetulia. Yote miwili. Sikuwa nimeiona imetulia akiwa macho tangu siku za viwembe. Nikafurahi. Nikafurahi kweli, nikajua dawa imeshika, nikageuka kumwita muuguzi aje aone. Muuguzi alinishika bega kabla sijamaliza kusema.

Nimeiandika hiyo, na sitairudia kwa mdomo. Ukipiga simu usiniulize.

Sasa rili. Ya duara imelainika pale gumba lake lilipokuwa likipita, hata rangi ya chuma imebadilika. Ya bapa ina mkwaruzo ilipomwangukia uani, na sumaku ziko pale pale alipoziacha, sijazigusa. Ukitaka Mjomba aliyetulea, nitakutumia ya duara. Ukitaka yule niliyebaki naye mimi, nitakutumia ya bapa na nikueleze namna ya kuishika. Zote mbili siwezi, ndugu yangu, usinikasirikie. Na usichague kwa kunihurumia, maana mwenyewe sijui ni ipi ninayoomba uiache.

Msalimie sana wifi, na uwabusu watoto kwa niaba ya shangazi yao. Mwalimu anakusalimu, amefuga nywele, anasema hajapata wa kumwachia kichwa chake. Kasuku naye anakupa pole. Alikuja kwenye matanga akakaa muda wote bila kusema.

Mungu akulindie kifua chako, akuzidishie kazi isiyokuchosha, na siku moja akulete mlangoni kwetu ukiwa mzima.

Ni mimi nikupendaye, na nisiye na mwingine wa kumwandikia haya,

Dada yako.