Sikio la Paka Wako

Garsen, 9 Juni 1998

Kaka Nuh,

Natumai huko Jeddah kwema. Huku ng'ombe waliosalimika na mafuriko ni wazima.

Ila hii mashine uliyotuma nimpime paka wako sukari imenichosha! Nimekata alama masikio ya ndama tangu utotoni, lakini hili la paka limenishinda. Nalikanda kwa kitambaa cha moto kama ulivyoagiza, nachoma, damu haitoki, naambulia kupapurwa tu.

Jana Mama alicheka, akatoa kidole: "Nichome mimi, paka aone kwamba haiumi."

Ikasoma ishirini na nane. Karatasi yako inasema ikizidi kumi ni ugonjwa.

"Ni nzuri?" Mama akauliza.

Nikamwambia mashine imeharibika.

Dawa ya paka umetuma, Kaka. Ya Mama je?

Dadako mwenye mikwaruzo,
Kaltuma